Wafanyabiashara wadogo wa Mtwara na Lindi, tusilaze mtaji kwenye kampuni za malipo ya mtandaoni

BanguaKusini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Naomba tuliongee hili kwa kirefu, maana msimu wa korosho unakaribia na wengi wetu huku Mtwara, Masasi, Newala, Lindi na Ruangwa tutapokea hela nyingi kwa simu kuliko miezi mingine yote ya mwaka.

Mimi nauza korosho zilizobanguliwa. Wateja wangu wengi wako Dar, wengine Dodoma na Arusha, na karibu wote nimewapata mtandaoni. Mtu analipa, nafunga mzigo, naupeleka stendi ya Mkanaledi, unapanda basi la alfajiri, jioni mwenyewe anauchukua Mbagala. Biashara hii inanilisha mimi na kina mama wanaonimenyea.

Msimu uliopita nilikuwa napokelea malipo kwenye kampuni moja ya malipo ya mtandaoni. Jina silitaji na naomba msiniulize hata pembeni, nia yangu ni kueleza kitu kinavyofanya kazi. Faida zake zilikuwa za kweli. Mteja anatumiwa kiungo (link), analipa kwa mtandao wowote wa simu au kwa kadi, na mimi naona oda na malipo yake sehemu moja bila kupekua meseji. Hela ilikuwa inaingia benki baada ya siku moja au mbili.

Desemba mauzo yakapanda, watu wananunua zawadi za sikukuu. Hapo ndipo wakanifungia kutoa. Kupokea hawakufunga. Naomba mtu aelewe maana yake: wateja wanaendelea kulipa, ujumbe wa "malipo yamepokelewa" unaendelea kuingia, mimi nadaiwa nitume mizigo, na hakuna shilingi inayotoka.

Sababu waliyoandika kwenye barua pepe ni kwamba mwenendo wa miamala umebadilika. Wakataka leseni, TIN, kitambulisho cha NIDA, karatasi za ununuzi wa korosho ghafi na ushahidi kwamba mizigo inawafikia wateja. Nikatuma vyote siku hiyohiyo, hadi stakabadhi za mabasi. Likarudi jibu la mashine: tumepokea, tunashughulikia. Simu ya ofisi inaita mpaka inakata.

Huku nyumbani kina mama wamekaa chini ya mwembe na visu vyao vidogo, wanatoa ngozi ya korosho punje moja moja, nzima zinakwenda beseni hili, vipande beseni lile. Jioni kila mmoja anapima kilo zake kwenye mzani na anasubiri ujira wake. Mtu ana watoto, ana mafuta ya taa na unga wa kununua. Huwezi kumwonyesha simu ukamwambia hela ipo, inashughulikiwa. Nilikopa kwa mwenye duka jirani nikawalipa, nikaacha kupokea oda mpya ilhali wateja bado wanagonga.

Hela iliachiwa wiki kadhaa baadaye. Ikaja kamili, bila maelezo na bila pole. Sikuibiwa hata senti, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Tukikaa tunaonyana habari za matapeli tu, na matapeli wapo, lakini biashara yenye mtaji mdogo haihitaji kuibiwa ili ife. Mtaji wetu unazunguka kila siku. Ukisimamishwa wiki tatu katikati ya msimu umekufa, hata kama kila senti ipo salama mahali fulani.

Nimesoma sana tangu hapo kwa nini wanafanya hivi. Sehemu kubwa inatokana na kadi. Mwenye kadi ya Visa au Mastercard akisema hajapata alichonunua, benki yake inaweza kuirudisha hela, na muda wa kudai mara nyingi unafika siku 120. Mfanyabiashara akiwa ameshatoa hela na kutoweka, hasara inaangukia kampuni iliyompokelea. Kwa hiyo wakiona mauzo yamepanda ghafla wanashika hela kwanza, maswali baadaye. PayPal wameandika kwenye masharti yao kwamba akaunti iliyowekewa vikwazo hela yake inaweza kushikiliwa hadi siku 180. Hiyo ni miezi sita. Ni nani kati yetu ana miezi sita?

Wanajilinda, nalielewa hilo. Ila wanajilinda kwa mtaji wangu, na mkataba niliobonyeza "nakubali" unawaruhusu. Na sisi wa kusini mauzo kupanda ghafla ndiyo maisha yetu, kuanzia Oktoba mpaka Januari hela inaingia kwa wingi, kisha kimya. Kompyuta iliyowekewa kanuni za kukamata wezi inamwona mtu wa msimu na mwizi kuwa kitu kimoja.

Naomba mwenye uzoefu aseme. Si wa korosho tu, hata wa samaki, wa nguo, wa boda, wa nyumba za wageni.

PapaKuu

Naweka kambi hapa.

WakalaMikindani

Dada Bangua, pole sana. Mimi ni wakala, niko kwenye kibanda miaka mingi, acha niseme yale ninayoyaona kila wiki, maana wafanyabiashara wengi hapa hawajafika kwenye hizo kampuni za viungo. Wao ni lipa namba, ile namba ya biashara ya kulipiwa kwa simu, na laini ya kawaida.

La kwanza ni meseji ya uongo. Mteja anakuja dukani saa ya msongamano, anachukua mzigo wa maana, anamwonyesha kijana simu yake: "nimeshalipa, huyu hapa bosi wako." Kijana anaona jina la duka, anaona kiasi na namba ya muamala, anasema sawa. Ile meseji imeandikwa na mtu. Wengine wanaituma kabisa kwenye simu ya duka. Ukiitazama juu, pale kwa mtumaji, utakuta namba ya kawaida ya mtu badala ya jina la huduma. Ukishuka kwenye salio, halilingani na salio la meseji iliyotangulia. Nani ana muda wa kutazama hayo watu kumi wamesimama mbele yake? Ndiyo maana nawaambia vijana wa maduka jirani: achana na meseji, ingia kwenye menyu, angalia salio limeongezeka au halijaongezeka. Mteja mkweli atasubiri.

La pili ni kurudisha muamala. Mtu anabeba bidhaa, akifika mbali anapiga huduma kwa wateja anadai alikosea namba. Kiasi kile kinaweza kuzuiwa mpaka pande mbili zisikilizwe. Hapo mwenye risiti ya mauzo yenye saa na namba ya muamala ana la kusema. Asiye nayo ni neno lake na la mwenzake. Na kinyume chake kipo pia: mtu anakupigia analia kwamba amekutumia kwa bahati mbaya, umrudishie kwenye namba nyingine. Usirudishe mwenyewe. Mwambie aende kwa mtandao wake, utaratibu upo.

La tatu, simu ya biashara. Simu iko kwa kijana wa duka, namba ya siri anaijua, wakati mwingine imeandikwa kwenye karatasi nyuma ya kava. Siku kijana akiondoka kwa ugomvi, anaondoka na nini?

Na makato. Wakuu mnakumbuka Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Hapa kibandani watu walirudi kwenye noti waziwazi. Septemba mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30, na ikaendelea kupunguzwa baadaye. Ninalosema ni kwamba bei ya njia unayopokelea hela haipangi wewe. Wenye duka la faida ndogo waliokuwa wamejifunga kwenye simu peke yake waliumia kabla hawajajua wafanye nini.

MamaPweza

Mwanangu Bangua, Mungu akutie nguvu. Mimi ni mtu wa samaki, nanunua pweza na changu kwa wavuvi nauza kwa wenye hoteli. Mambo ya viungo siyajui. Yangu ni haya.

Laini niliyokuwa napokelea ilisajiliwa kwa jina la mdogo wangu wa kiume, maana wakati ule mimi kitambulisho cha NIDA sijapata, na mnakumbuka Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilikuwa zinafungwa. Mdogo wangu akaweka kidole chake, tukashukuru. Wateja wote wakaishika namba ile.

Ndugu yangu amefariki. Laini ikapata hitilafu nikaenda kuirudufu, wakasema mwenyewe aje. Mwenyewe yuko kaburini. Mle ndani kuna hela ya hoteli mbili. Nimeambiwa niende mahakamani kwa mirathi, apatikane msimamizi, ndipo walipe kwa msimamizi. Na marehemu ana mke na watoto, hela ile kwenye karatasi ni ya kwao. Wifi yangu ni mtu mwema, tumeelewana. Lakini je, angekuwa mwingine?

Msimlaumu mtu yeyote, mimi nasema tu ili mwenye laini ya mume, ya kaka au ya jirani asikie.

BanguaKusini

Mama, pole kwa msiba, na asante kwa kuandika. Hili la laini ya mtu mwingine sikuliweka kwenye uzi na nadhani ni kubwa kuliko langu. Wanawake wangapi Mtwara wanauza kwa laini za waume zao?

FundiMitambo_Lindi

Mimi naongezea upande wa mtandao kuzimika, maana huwa tunauchukulia kama mvua, unapita. Tazameni Mei 2024 ilivyotukuta.

Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika pwani. Mvua ikaharibu barabara ya Lindi kwenda Dar, ikakatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, malori na mabasi yakalala njiani. Siku nane baadaye, Mei 12, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikapata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikadorora nchi nzima. Kwa hiyo mtu wa Lindi aliyekuwa anaagiza bidhaa Dar alikuwa hana barabara, na siku chache baadaye anayelipwa kwa programu za intaneti hana mtandao. Tena Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikaanza kurudi Novemba 3.

Sasa kuna tofauti ambayo mfanyabiashara anatakiwa aijue. Menyu ya kubonyeza nyota haitumii intaneti. Inapita kwenye mawasiliano ya kawaida ya simu, yaleyale yanayobeba meseji. Kiungo cha malipo, programu ya benki ya simu janja na mashine ya kadi vinahitaji data. Mtu akiwa amehamishia kila kitu kwenye kiungo, data ikizimika hana duka. Akiwa na lipa namba ya menyu pembeni, bado anauza, mradi mnara una umeme. Na umeme wetu tunaujua.

Msidhani pia kwamba ni umaskini wetu. Juni 1, 2018 mfumo wa Visa barani Ulaya uliharibika kwa sababu ya kifaa kimoja katika kituo chao kikuu, miamala milioni 5.2 haikwenda sawa. Julai 8, 2022 kampuni ya simu ya Rogers kule Kanada ilizimika, na mfumo wa kadi za benki wa nchi nzima ukazimika nayo kwa sababu ulikuwa unategemea mtandao huohuo. Maduka yakaandika karatasi mlangoni: pesa taslimu tu. Kanada hiyo.

Jambo jema kwa upande wetu ni TIPS, mfumo wa Benki Kuu (BoT) unaounganisha mitandao ya simu na benki. Siku hizi mteja wa mtandao huu anamlipa mwenye lipa namba ya mtandao ule, huhitaji kubandika vibao vitano mlangoni ili usimkose mtu. Ila hiyo imetatua tatizo la mteja kukufikia. Wewe kukwama na mtandao wako mmoja haijatatua. Laini ya pili ya mtandao tofauti bado inahitajika.

NachingweaHardware

Naomba nitofautiane kidogo na mwenye uzi, kwa heshima. Tusije tukaogopesha watu warudi kwenye noti. Mimi nimefungua duka la vifaa vya ujenzi enzi za noti tupu. Nimeshavunjiwa. Nimeshapokea noti bandia ya 10,000 jioni, taa hafifu. Nimeshasafiri na hela ya mzigo kiunoni kutoka Nachingwea mpaka Dar usingizi hauji, kila abiria namwona mwizi.

Na mkopo niliopata benki mwaka huu umetokana na taarifa ya miamala ya lipa namba. Afisa mikopo alitaka kuona hela inaingia na kutoka, nikamchapia karatasi. Kwenye daftari langu la zamani angeniamini? Hizi huduma zimetutoa mbali, tuseme ukweli.

BanguaKusini

Kaka Nachi, sikupingi hata nukta moja, na hilo la mkopo ni muhimu watu walisikie. Mimi mwenyewe sijarudi kwenye noti na sirudi. Ningeacha malipo ya mtandaoni leo, mteja wa Dodoma angenilipaje?

Ninachokataa ni hela kulala mle. Kampuni ya malipo ni kama kivuko cha Msangamkuu, unapanda, unavuka, unashuka. Sisi tunapanda na godoro. Mtu ana milioni mbili kwenye lipa namba, anaziacha wiki nzima kwa sababu kutoa kuna makato, au kwa sababu akiziona pale anajisikia ana akiba. Akifungiwa, akipoteza laini, mtandao ukizimika, au ndugu akifariki kama ilivyomkuta mama yetu, mtaji wote umo ndani.

Nilivyojipanga sasa: kila jioni nikifunga hesabu nahamishia benki, nabakiza kidogo cha kurudishia mteja mwenye malalamiko. Ndiyo, makato yapo, nimeyaingiza kwenye bei ya korosho kama ninavyoingiza nauli ya basi. Kampuni ya viungo bado naitumia kwa wateja wa kadi tu, na lipa namba kwa wengine. Ujira wa kina mama wa wiki nzima nauweka taslimu nyumbani mwanzoni mwa wiki, sitaki tena usimamiwe na mtu wa Dar. Na kabla msimu haujaanza nawaandikia kampuni barua pepe: kuanzia Oktoba mpaka Januari mauzo yangu yatapanda, sababu ni hii, leseni na TIN hizi hapa. Sijui kama kuna mtu anaisoma, lakini siku wakifunga nitakuwa na tarehe ya kuonyesha.

WageniKilwaMasoko

Nashuhudia hilo la kadi. Sisi tuna nyumba ndogo ya wageni, watalii wanakuja kuona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mzungu analipa kwa kadi akiwa kwao, anakuja, analala, anakula, anapiga picha na sisi, anaondoka. Baada ya miezi miwili tunaletewa taarifa kwamba mwenye kadi amekana malipo. Hela ikakatwa kwetu kwanza, ndipo tukaulizwa tuna ushahidi gani.

Tulishinda, kwa sababu kwenye kitabu cha wageni kulikuwa na sahihi yake na namba ya pasipoti, na tulikuwa na ujumbe wake wa kushukuru. Tangu hapo kila anayelipa kwa kadi tunamwomba asaini karatasi yenye tarehe za kulala na kiasi, na masharti ya kughairi tunamtumia kwa maandishi kabla hajalipa. Mwenye kuuza bidhaa nadhani stakabadhi ya basi na ujumbe wa mteja kwamba amepokea zitafanya kazi hiyohiyo. Vitunzeni angalau miezi sita.

MhasibuRuangwa

Uzi mzuri. Nataka nigusie swali ambalo hakuna aliyeliuliza: hela yako ikiwa "kwenye akaunti" yao, iko wapi hasa?

Kwa pesa ya simu, jibu liko wazi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni za pesa za kielektroniki za mwaka huohuo zinamtaka mtoa huduma aweke fedha za wateja kwenye akaunti maalumu ya amana benki, zisichanganywe na fedha zake za kuendeshea kampuni. Ndiyo maana laini yako ikionyesha 500,000, mahali fulani benki inapaswa kuwepo 500,000.

Kwa kampuni ya viungo, ambayo inakaa katikati ya mteja, mtandao wa simu na benki yako, lazima usome mkataba. Hela inapitia akaunti ya nani? Inalala siku ngapi? Kampuni ikifa inahesabika ni ya nani? Hili si la kufikirika. Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Synapse, ilikaa katikati ya programu za simu na benki. Watu waliona programu nzuri, waliona jina la benki, Synapse wengi hawakuwahi hata kuisikia. Aprili 2024 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Mei, watu zaidi ya 100,000 wakajikuta hawawezi kugusa takribani dola milioni 265. Vitabu vya Synapse na vitabu vya benki havikulingana, na msimamizi aliyewekwa na mahakama akakuta pengo la kati ya dola milioni 65 na 96. Akiba za watu wa kawaida.

Kabla ya hapo Ujerumani, Juni 2020, Wirecard ikabainika kwamba euro bilioni 1.9 ilizosema zipo hazipo. Juni 25 ikaomba kufilisika. Siku iliyofuata mamlaka ya Uingereza ikazuia kampuni tanzu ya Wirecard ya huko, na watu waliokuwa na kadi za kampuni nyingine kabisa, zilizotegemea mitambo ya Wirecard, kadi zao zikakataa madukani mpaka zuio lilipoondolewa siku chache baadaye.

Na benki nazo si ukuta. Januari 4, 2018 BoT ilizifungia benki tano hapa kwetu kwa siku moja. Tofauti ni kwamba amana ya benki ina bima, Bodi ya Bima ya Amana inafidia mpaka shilingi milioni 7.5 kwa mwenye amana, zamani ilikuwa 1.5. Kwa mtaji wa wengi humu, kiwango hicho kinatosha. Hela iliyoko kwa mtu wa katikati usiihesabu hivyo mpaka umeona maandishi.

Kwa hiyo kabla ya kujiunga, angalia kama kampuni ina leseni ya BoT. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao, na kampuni isiyomo usijishughulishe nayo hata kama makato yake ni madogo kiasi gani.

BodaLigula

Wakuu mimi ni wa boda, abiria wananitumia kwenye namba yangu ya kawaida. Haya yote yananihusu?

WakalaMikindani

Yanakuhusu mdogo wangu. Anza na kutenganisha. Namba ya abiria iwe moja, ya nyumbani nyingine. Hesabu ya bosi itakuwa rahisi, na siku laini ya kazini ikizuiwa kwa malalamiko ya abiria mmoja, mkeo bado anaweza kupokea hela ya chakula. Na usitoe pikipiki kwa meseji ya kuonyeshwa.

MamaPweza

Nauliza mwanangu Bangua, au huyo mhasibu. Mtu akifungiwa hela na kampuni isimjibu, anakwenda wapi? Polisi? Nasikia mpaka Dar.

MhasibuRuangwa

Mama, shikamoo. Polisi ni kama kuna wizi au utapeli. Kampuni ikishikilia hela na kukuzungusha, njia ni hii. Kwanza walalamikie wenyewe kwa maandishi, barua pepe au barua, usiishie kwenye simu. Waombe namba ya malalamiko na uitunze. Eleza tarehe, kiasi, namba za miamala, na unachotaka wafanye. Wakinyamaza, au wakikujibu usiridhike, unapeleka BoT, ambao wana utaratibu wa kusikiliza malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Watakuuliza kwanza kama ulishaenda kwa mtoa huduma, ndiyo maana ile karatasi ya mwanzo ni muhimu. Na huna haja ya kupanda basi, BoT ina tawi hapohapo Mtwara mjini.

BanguaKusini

Nathibitisha hilo la maandishi. Kilichonisaidia mimi ni kuacha kuandika "naomba mnisaidie" na kuanza kuandika hivi: "Tarehe fulani mlizuia kutoa kiasi fulani. Nyaraka zote mlizoomba nilituma tarehe fulani, nimeziambatanisha tena. Naomba mnitajie kifungu cha mkataba kinachotumika na tarehe ya kuachia fedha. Nisipojibiwa ndani ya siku saba nitawasilisha malalamiko Benki Kuu." Mistari hiyo tu. Nilijibiwa na mtu, kwa jina lake.

MamaPweza

Marahaba, Mungu awabariki wote. Sasa kitambulisho ninacho. Nikisajili laini mpya kwa jina langu, ile ya marehemu niachane nayo?

MhasibuRuangwa

Hapana mama, usiiache wala usimpe mtu, mpaka mirathi iishe na hela itoke. Laini mpya isajili kesho kwa kidole chako mwenyewe, uombe na lipa namba kwa jina la biashara. Halafu wapigie wenye hoteli mmoja mmoja, kwa sauti yako, uwape namba mpya. Usiwatumie meseji. Meseji ya "namba yangu imebadilika, tuma huku" ndiyo wanayotumia matapeli, na mwenye hoteli mwenye akili hatailipa.